Wanasema Mama Anamlimisha Usiku

Jumatatu, 1 Julai

Sare za shule bado. Uzi wa bluu umeniishia, nimemalizia kwa mweusi. Mwalimu mkuu haoni vizuri, hatajua.

Mume wangu Mfaume karudi kutoka kupulizia mikorosho ya watu salfa, kanawa, kakaa kula muhogo. Kalala na tonge mkononi. Mwanetu Nuru kamnyang'anya polepole, kalila yeye. Tulicheka sana. Alipozinduka naye alicheka, ila macho mekundu, na akasema kichwa kinamgonga tangu alfajiri. Kila siku kichwa. Namwambia ni salfa, ajifunge kitambaa puani. Anasema salfa kaanza kuipuliza hajaota ndevu.

Amenenepa. Mashati yake yote nimeyafumua kola nikaongeza kitambaa.

Alhamisi, 4 Julai

Sijalala.

Anakoroma kama ile mashine yake ya kupulizia. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni kimya kinachofuata. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haiingii. Nangoja. Halafu anashtuka kama mtu aliyevutwa kutoka majini, anavuta pumzi kwa nguvu, anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki chochote. Wa kukumbuka ni mimi.

Nampiga kiwiko ageuke. Mkono wa kulia sasa unauma mpaka begani, na ndio mkono wa mkasi.

Nilimweleza. Akasema anayekoroma ni mtu aliyelala fofofo, na kwamba namwonea wivu. Nilikuwa nimechoka hata kugomba.

Jumamosi, 13 Julai

Nafungua mlango kufagia, jua halijatoka, Mama huyo anapita na jembe. Anatoka shamba, si kwamba anakwenda.

Mama halali. Tangu Baba afariki usingizi ulimhama. Anajigeuza kitandani mpaka anachoka, na mbalamwezi ikiwepo anachukua jembe. Anasema bora apalilie kuliko kuhesabu makuti ya paa. Ndiyo maana chini ya mikorosho yake pasafi, na maua yake hayana ubwiri unga. Ya mjomba Ali, mdogo wake, yamepauka yote kwa ule unga mweupe, na shamba lake limepakana na hili.

Sisi tuko pembeni ya shamba la Mama. Mfaume aliponioa alimlimia misimu miwili, kama wakwe wote wa kwetu, ndipo tukapewa kipande cha kujenga. Hakulalamika. Wakati ule alikuwa na nguvu, na alikuwa akimwita Mama "Mama" bila kulazimishwa na mtu.

Watu wawili ninaowapenda. Mmoja hawezi kulala, mwingine hawezi kuamka. Mimi katikati na cherehani.

Jumapili, 21 Julai

Wifi Somoe kaja kutoka Kitaya na samaki wa mtoni. Ni dada mkubwa wa Mfaume, ndiye aliyemlea. Nampenda akiwa kwake.

Tulipokuwa tunakula Mfaume akasimulia ndoto. Anaota analima. Usiku kucha analima, mtu amesimama nyuma yake, akitaka kupumzika anakabwa koo. Akiamka mgongo na miguu vinamuuma. Alisimulia kwa mzaha. Somoe hakucheka. Aliuliza analima shamba la nani. Mfaume akasema mikorosho mikubwa, chini pasafi.

Somoe akasogeza sahani, akatazama nje kule kwa Mama. Alitazama sana. Sikupenda.

Ijumaa, 2 Agosti

Neno limeshafika kisimani. Mteja wangu wa mashariki ya kijiji kaja kuchukua kitambaa chake hakijakatwa, anasema kabadili nia. Wa pili pia. Wa tatu ndiye aliyenong'ona.

Wanasema Mama anamlimisha Mfaume usiku.

Hadithi hii naijua tangu utoto, tulitishiwa kwayo. Mchawi anamchukua mtu usingizini, anamtia jembe mkononi, anamfanyisha kazi shambani kwake, anamrudisha kabla ya adhana. Mtu anaamka hoi, hajui kwa nini. Lakini ilikuwa hadithi ya watu wa mbali. Sasa mchawi ni mama yangu aliyenizaa.

Nikampigia Somoe simu. Nikamwambia mimi nalala na huyu mtu. Niko macho. Namsikia usiku kucha, hatoki, hata chooni haendi.

Akasema, "Wifi yangu, unachokisikia hapo kitandani ni mgomba. Wameuvika sura yake. Mwenyewe yuko shamba analima."

Nikamwambia mgomba haukoromi. Akasema, "Ndio ujue uchawi huo ni mkubwa."

Basi. Shahidi pekee ni mimi, na ushahidi wangu ni mgomba. Nimekasirika mpaka nimevunja sindano.

Ijumaa, 9 Agosti

Mfaume kalala msikitini katikati ya hotuba. Kakoroma. Wanaume wamecheka mpaka khatibu kanyamaza. Karudi nyumbani kanuna, hakula.

Anasahau mambo. Jana kaacha koki ya mafuta ya mashine wazi. Juzi kanifokea kwa sababu ya chumvi, yeye ambaye hakuwahi kunifokea. Kitandani si mume tena, akigusa mto basi. Ninaandika hapa kwa sababu pa kusemea sina.

Jioni Mama kaleta kisamvu cha nazi, anachokipenda Mfaume. Mfaume alikiacha kimefunikwa vilevile kilivyokuja, akakisukuma upande wangu. Nikajua kwamba naye anaamini.

Nilikila chote mbele yake. Sikuwa na njaa. Nilimchukia kwa muda wote wa kula.

Jumanne, 20 Agosti

Nuru kavunjika mkono.

Mfaume alimchukua kutoka shule kwa pikipiki. Njia imenyooka, hakuna mchanga, hakuna gari. Wamekutwa mtaroni. Nuru anasema baba alianza kumlalia mgongoni, akawa mzito, akamwita hakuitika. Mfaume hana hata mchubuko wa maana. Amekaa chini, anarudia kusema hajui, hajui.

Kabla hata hatujapata gari Somoe ameshapiga simu. Kasema, "Sasa wamefika kwa mtoto." Nilikata.

Kesho Mtwara mjini, hospitali.

Alhamisi, 22 Agosti

Jana sikuweza kuandika, naandika leo tukiwa bado kwa dada mmoja niliyesoma naye madrasa, aliyeolewa mjini.

Mkono wa Nuru umefungwa plasta. Utaunga, mifupa ya watoto haina kinyongo, ndivyo alivyosema daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole.

Wakati anafunga plasta Mfaume alikuwa nje kwenye benchi, mlango wazi. Kalala chali, kichwa ukutani. Akaanza. Koromo, koromo, kimya. Daktari akasimamisha mikono. Akasikiliza. Kimya kilipozidi akatoka nje na plasta vidoleni, akasimama juu yake, akamtazama kifua. Mfaume akashtuka, akavuta pumzi kwa ule mlio. Watu wa foleni waligeuka.

"Huyu ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Anafanya hivi kila siku?"

Nilianza kulia hapohapo. Mtu mwingine kasikia. Si mgomba.

Alimpima presha, imepanda sana. Akamwangalia koo, akamshika shingo, akauliza maswali ambayo niliyajibu yote mimi. Akatueleza. Mfaume akilala, hasa chali, nyama za koo zinalegea zinaziba njia ya hewa. Mwili unakosa hewa, ubongo unamshtua ili asife. Anashtuka bila kujua kwamba kashtuka. Hivyo usiku mzima. Kwa hiyo mtu kalala masaa yote na hajalala. Ndiyo maana kichwa, usahaulifu, hasira, presha, kulala na tonge mkononi, mtaroni. Akasema moyo nao utachoka, tusifanye mchezo.

Iko mashine ya kuvaa puani usiku, ya kusukuma hewa. Atatuandikia rufaa ya kuifuata Dar es Salaam. Kwa sasa vidonge vya presha, apunguze mwili, asiguse pombe, asiendeshe pikipiki, asilale chali kabisa. Kaniuliza kama najua kushona. Nikamwambia ndiyo kazi yangu. Kasema nishone mfuko mgongoni mwa fulana, nitie kitu kigumu, akigeukia chali kimchome.

Mfaume akauliza, "Kwa hiyo silimishwi?"

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Nilimshika mkono, akalia, nami nilifurahi kumwona analia.

Jumamosi, 31 Agosti

Tumerudi. Gari halijazima nikaona viti uani kwa mjomba Ali.

Somoe kamleta mnyoaji, kutoka juu huko Uwandani, mtu mwenye begi la shule na kofia safi. Anawanyoa wachawi nywele zote, anawanywesha dawa, uchawi wao unakufa. Mjomba Ali amekubali. Mjomba ndiye msemaji wa ukoo wetu, alipaswa kusimama mbele ya dada yake. Nadhani anaiangalia mikorosho yake iliyopauka, anaangalia ya Mama, anafanya hesabu yake. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye kazi yake ni kuzuia mambo haya, amesafiri. Wiki iliyopita nako alisafiri.

Nilisimama nikaeleza. Koo, hewa, ubongo, presha. Nikaonyesha vidonge. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu. Mjomba akasema mtoto lazima amtetee mama yake, hilo halina ubaya. Halafu wote wakamgeukia Mfaume. Daktari alizungumza naye, yeye ndiye mgonjwa, yeye ndiye mwanaume. Neno lake moja tu lingetosha.

Aliinamisha kichwa. Akasema, "Hospitali ni hospitali. Na hili nalo wazee wakiona lifanyike, lifanyike, tumalize."

Tumalize.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na miguu kainyoosha. Hakuonekana kushangaa. Akasema, "Ninyoeni. Nywele huota." Nilimfuata ndani nikamwambia tuondoke, twende Mikindani kwa mama mdogo, usiku huuhuu. Akasema akikimbia ndio atakuwa mchawi kweli, na mimi nitakuwa mtoto wa mchawi na Nuru mjukuu wa mchawi. Akinyolewa, yataisha.

Jumapili, 1 Septemba

Wembe niliutoa mimi. Mpya, wa kufumulia nyuzi. Sikutaka wamguse na wembe wa kunyolea watu wote.

Walimnyoa mchana, uwanja umejaa. Sikujua kama Mama ana kovu nyuma ya sikio. Miaka yote hii sikulijua. Nywele walizikusanya kwenye gazeti wakazichoma, zikanuka. Akanywa ile dawa mpaka chini, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyepewa chai ugenini.

Mfaume alisimama nyuma ya wote. Nilimtafuta kwa macho. Aliangalia viatu vyake.

Nimemvika Mama kanga kichwani. Kichwa chake kilikuwa cha moto.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeshona ile fulana. Mfuko mgongoni, katikati ya mabega, nimejaza korosho ghafi na maganda yake, nimeufunga kwa uzi wa viatu. Nilishona kwa hasira, mshono umetoka mzuri sana.

Simfanyii yeye. Namfanyia Nuru asikose baba. Nalirudia hilo kila nikikanyaga cherehani.

Jumatatu, 16 Septemba

Inafanya kazi. Sijui nifurahi.

Usiku anageukia ubavu, akijaribu chali korosho zinamchoma, anarudi. Koromo lipo lakini dogo, na vile vimya vimepungua. Gongo kaacha. Wali usiku kaacha, anakula nusu sahani anaguna. Asubuhi anaamka kabla yangu. Juzi kaimba bafuni. Jana msikitini kakaa macho mwanzo mpaka mwisho.

Na leo kwenye Maulidi wameniambia. Wanawake wanakuna nazi, mmoja kasema kwa sauti ya kunipongeza, kwa moyo mweupe kabisa, "Umeona wifi, tangu anyolewe bibi, mume amerudi mtu." Wengine wakaitikia.

Sikuwa nimeliona. Kadiri ninavyomponya Mfaume ndivyo ninavyomtia Mama hatiani. Kila asubuhi akiamka mzima anatembea kijijini kama ushahidi.

Sinia la Mama halikuguswa. Alilibeba mwenyewe kurudi nalo. Nilitaka kumsaidia, akakataa.

Ijumaa, 27 Septemba

Mama sasa analala.

Analala mchana, analala usiku. Nampelekea uji, naukuta umeganda. Nilidhani usingizi ukimrudia nitashukuru. Huu si usingizi niliokuwa namwombea. Jembe limeegemea mlango, majani yameanza kuota chini ya mikorosho, na mabibo yanaanguka yanaoza humohumo.

Nilimuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi. Akasema akienda shamba gizani watasema amerudia, akienda mchana hawamsalimii, kwa hiyo bora alale.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeongea na Mfaume. Nimesema yote, hata yale ya kisamvu. Hakubisha. Alikiri kwamba alijua tangu kwenye lile benchi. Alimwogopa Somoe, aliogopa wanaume kumwona kafungwa na ukweni. Akasema na kidogo, kidogo tu, alidhani labda vyote viwili ni kweli.

Nikamwambia sitaki aombe radhi kwangu. Nataka aseme mbele yao. Mama hajafanya kitu, ugonjwa ni wa koo, aliyemtibu ni daktari na fulana. Basi. Maneno ya pumzi moja.

Ameahidi. Siku ya kupima korosho kwenye chama cha ushirika, watu wote watakuwepo, mjomba pia, na Somoe anakuja. Alinishika mkono wakati anaahidi. Nimemwamini. Ni mume wangu, nitamwamini nani.

Nimempigia pasi shati.

Jumamosi, 26 Oktoba

Hakusema.

Nilikuwa upande wa wanawake, karibu na mizani. Nilimwona anasimama, anakohoa, anavuta shati. Nikashika mkono wa Nuru. Ndipo mmoja akamtania, "Shemeji unang'aa. Bi mkubwa kakupa likizo ya kulima?" Wakacheka wote. Somoe kacheka. Mjomba Ali kacheka.

Mfaume alinitazama. Halafu akacheka.

Si kicheko kikubwa. Kidogo, cha kukubaliana na wenzake. Akakaa, akapokea kikombe cha uraka, pombe ya mabibo ambayo daktari kamkataza, akakinywa chote.

Nilirudi kwa miguu na Nuru. Nuru aliuliza kama bibi kweli alikuwa anamlimisha baba. Nilimwambia hapana. Akauliza, mbona baba hakusema hapana. Ana miaka saba.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimehamishia cherehani kwa Mama. Na godoro la Nuru.

Kwa desturi yetu nyumba ile, iliyo kwenye shamba la Mama, ni ya mke, ningeweza kumtoa yeye. Sikutaka kelele. Nimemwachia nyumba, vidonge mezani, fulana kwenye kamba ya mlangoni. Nimemwambia asilale chali. Alikaa kitandani akaniuliza nani atakuwa anamgeuza.

Nilimwambia sijui. Kwa kweli sijui. Nimelia njiani, kisha nikanyamaza kabla ya kufika ili Mama asione.

Jumanne, 12 Novemba

Nilimwamsha Mama asubuhi, nikamwogesha, nikampa uji mbele yangu mpaka ukaisha. Nikamwambia twende shamba. Akatazama nje, akasema jua limeshapanda, watu wote wako njiani. Nikamwambia ndio wakati wenyewe.

Tulipalilia jua la utosini, wakati ambao mtu mwenye akili hapalilii. Mimi mstari wangu, yeye wake. Kanga ilimteleza kichwani, akaiacha ianguke. Nywele zimeanza kutoka, nyeupe zote, fupi. Nuru aliokota korosho kwa mkono mmoja, ule mwingine bado anauogopa ingawa plasta imetoka.

Njia inapita palepale. Walipita wenye ndoo, walipita wenye kuni, walipita watoto wa shule na sare nilizoshona. Wengi walitazama mbele. Mama aliwasalimia wote kwa majina, mmoja mmoja. Bibi mmoja aliitikia, kwa sauti ndogo.

Mfaume naye alipita na pikipiki asiyotakiwa kuendesha. Yuko macho kabisa, uso umekaa vizuri, amepungua shingo. Alipunguza mwendo. Mama alimsalimia kama alivyowasalimia wengine. Mfaume hakusimama.

Mkono unauma kwa jembe. Mama alisema tumalize mstari huu ndipo tukale. Tulimaliza.